Kwa nini majani ya viazi huganda ilhali kipimajoto kinasoma nyuzi 4?

Msomaji mmoja anayelima viazi mviringo wilayani Makete, mkoani Njombe, ameniuliza swali ambalo ninalifupisha hivi: «Kipimajoto changu kimetundikwa ukutani, upande wa kivuli. Wakati wa kipupwe, kuna asubuhi kinasoma nyuzi 3 au 4 juu ya sifuri, lakini nikienda shambani nakuta majani ya viazi yana jalidi, yaani utando mweupe wa barafu, na mengine yameungua. Usiku ukiwa na mawingu jambo hili halitokei, na viazi vilivyo chini ya mti hupona. Mwalimu wa mwanangu anasema chanzo ni mnururisho wa joto. Mimi nilifundishwa kwamba mnururisho hutoka kwenye jua na moto. Jani lililo baridi linatoaje mnururisho, na joto hilo linakwenda wapi?»

Ndugu mkulima, mwalimu wa mwanao yuko sahihi. Ulichofundishwa nawe si uongo, ila kiliishia katikati. Jua na moto hutoa mnururisho mwingi kiasi cha kuhisiwa na ngozi, na ndiyo maana vitabu vya shule huanza navyo; lakini kila kitu ambacho halijoto yake iko juu ya sifuri halisi, yaani nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi, hutoa mnururisho wa joto usiku na mchana, bila kuhitaji kuwashwa. Jani la kiazi hutoa, udongo hutoa, ukuta wa nyumba yako na mkono wako hutoa, na hata barafu yenyewe hutoa.

Sababu iko ndani ya maada. Atomu na molekuli za kitu chochote hutikisika muda wote, na kutikisika huko ndiko tunakokupima tunaposema kitu kina halijoto fulani. Ndani ya atomu hizo mna chaji za umeme, na chaji inayotikisika huzalisha mawimbi ya sumakuumeme, yaliyo ya jamii moja na mwanga na mawimbi ya redio. Mawimbi hayo huondoka na nishati, na nishati hiyo imetolewa katika ule mtikisiko. Kwa hiyo kitu kinachotoa mnururisho bila kupokea chochote ni lazima kipoe. Hapa ndipo mnururisho unapotofautiana na njia nyingine mbili za kusafiri kwa joto. Mpitisho unahitaji vitu vigusane, na myuko unahitaji hewa au kimiminika kinachotembea, lakini mnururisho hauhitaji kitu chochote katikati, na huvuka ombwe, yaani mahali pasipo hata hewa, bila kizuizi.

Kiasi kinachotoka hutegemea halijoto kwa namna kali sana. Mwaka 1879 Josef Stefan, mwanafizikia wa Vienna, alitambua kutokana na vipimo vilivyokuwapo kwamba nishati inayotolewa hulingana na kipeo cha nne (namba ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe, mara nne ikiandikwa) cha halijoto inayohesabiwa kuanzia sifuri halisi, yaani kwa kelvini. Na mwaka 1884 Ludwig Boltzmann, aliyekuwa mwanafunzi wake, akaonyesha kwa hoja za nadharia kwa nini lazima iwe hivyo. Kitu kinachotoa kikamilifu, ambacho wanafizikia hukiita gimba jeusi, hutoa kwa kila mita ya mraba wati 5.67 zidisha kwa kipeo cha nne cha halijoto yake katika kelvini, kisha gawanya kwa milioni 100. Jani lililo kwenye nyuzi sifuri lina kelvini 273, na hesabu hiyo inatupa takriban wati 316 kwa kila mita ya mraba. Kaa la moto lililoanza kuwa jekundu, lenye kelvini 800 hivi, hutoa zaidi ya wati 23,000 kwa eneo hilohilo. Halijoto ya kaa ni kama mara tatu ya ile ya jani, lakini mnururisho wake ni zaidi ya mara 70.

Bila shaka utauliza kwa nini kaa huonekana na jani halionekani gizani. Hilo ni suala la urefu wa mawimbi. Kitu kinapokuwa cha moto zaidi, sehemu kubwa ya mnururisho wake huhamia kwenye mawimbi mafupi, na Wilhelm Wien alionyesha mwaka 1893 kwamba ukigawanya 2,898 kwa halijoto katika kelvini unapata, kwa mikromita (sehemu moja ya milioni ya mita), urefu wa wimbi ambapo mnururisho huwa mkali kuliko kwingine. Uso wa jua una kelvini 5,772, kwa hiyo kilele chake kiko kwenye nusu ya mikromita, katikati kabisa ya mwanga tunaouona. Kilele cha jani lako kiko karibu na mikromita 10.6, ambako macho yetu hayafiki. Huko ndiko kwenye miale ya infraredi, ambayo William Herschel aliigundua mwaka 1800 alipoweka kipimajoto nje kidogo ya ukingo mwekundu wa mwanga wa jua uliotawanywa na mche wa kioo, akaona kikipanda mahali ambapo jicho halikuona kitu. Vitu vigumu huanza kung'aa kwa wekundu hafifu vinapofika nyuzi 525 hivi za Selsiasi. Chini ya hapo vinaendelea kutoa mnururisho, ila sisi hatuuoni.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali lako, kwani hizo wati 316 peke yake zingetupa jibu la ajabu. Chukua jani lenye unene wa robo milimita, ambalo kwa sehemu kubwa ni maji. Kama lingekuwa linatoa kiasi hicho kwa uso wake wa juu bila kupokea chochote, lingeshuka nyuzi moja kwa kila sekunde tatu au nne, na shamba lote lingekuwa barafu kabla hujafika mlangoni. Haliwi hivyo kwa sababu, wakati jani linatoa, vitu vyote vinavyolizunguka navyo vinatoa kuelekea kwake. Ni kama duka ambalo matumizi yake ya siku ni makubwa lakini na mapato yake ni makubwa vilevile: hali ya sanduku la fedha huamuliwa na tofauti kati ya hayo mawili, wala si na kimoja kati ya hayo.

Wazo hili la kutoa na kupokea kwa wakati mmoja lilitolewa na Pierre Prevost wa Geneva mwaka 1791, na lilizaliwa kutokana na jaribio ambalo hadi leo huwashangaza wanafunzi wangu. Marc-Auguste Pictet, wa mji huohuo, aliweka vioo viwili vya metali vilivyobonyea kama bakuli, vikitazamana kwa umbali wa mita kadhaa. Mahali ambapo kioo kimoja hukusanya miale aliweka kipimajoto, na mahali pa kioo cha pili akaweka chombo chenye barafu. Kipimajoto kilishuka mara moja. Ilionekana kana kwamba baridi imetoka kwenye barafu, ikasafiri na kuakisiwa kama mwanga. Prevost aliona kwamba hakuna haja ya kubuni miale ya baridi. Kipimajoto kilikuwa kinatoa mnururisho kama kawaida yake; kabla ya hapo kilipokea kiasi kilekile kutoka chumbani, lakini sasa, kwa njia ya vioo, sehemu ya kile kilichokuwa kinakitazama ilikuwa barafu, ambayo hutoa kidogo. Mapato yalipungua, matumizi hayakupungua, na halijoto ikashuka. Hakikupulizwa na baridi yoyote.

Jani lako la kiazi ni kile kipimajoto, na anga la usiku ndilo barafu yake.

Swali la kujiuliza usiku, basi, ni hili: uso wa juu wa jani unatazamana na nini? Chini ya mti, unatazamana na majani ya mti ambayo halijoto yake inakaribia ile ya hewa, tuseme nyuzi 3. Hayo hurudisha karibu wati 330 kwa kila mita ya mraba, na jani la kiazi halipati hasara. Penye mawingu mazito, unatazamana na matone ya maji yaliyo mamia ya mita juu, ambayo hunyonya karibu miale yote ya infraredi na kutoa ya kwao kulingana na halijoto yao. Wingu lililo kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri bado hushusha takriban wati 290. Hasara ipo, lakini ni ndogo, na joto linalopanda kutoka udongoni huiziba.

Anga likiwa safi hali hubadilika kabisa. Hewa kavu kwa sehemu kubwa ni naitrojeni na oksijeni, na gesi hizo karibu hazinyonyi wala kutoa infraredi. Kinachorudisha mnururisho kuja chini ni mvuke wa maji na, kwa kiasi kidogo zaidi, kabonidioksaidi. Na gesi hizi nazo zina pengo, kati ya mikromita 8 na 13 hivi, ambamo hunyonya kidogo mno. Kumbuka kilele cha jani lako: mikromita 10.6. Kinaangukia ndani ya pengo hilo. Sehemu kubwa ya mnururisho unaotoka humo haisimamishwi na kitu. Hupanda, hutoka nje ya angahewa, na baada ya sekunde moja na robo hivi huwa umefika umbali ulipo mwezi. Huko nje, nyuma ya nyota, anga lina halijoto ya kelvini 2.7 tu, mabaki ya mnururisho wa mwanzo wa ulimwengu ambayo Arno Penzias na Robert Wilson waliyatangaza mwaka 1965. Hilo ndilo jibu la moja kwa moja la sehemu ya mwisho ya swali lako: joto la viazi vyako linakwenda angani, na halirudi.

Makete ina mambo mawili yanayozidisha hali hii. Kwanza, mko juu sana; uwanda wa Kitulo uko zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa iliyobaki juu yenu ni nyembamba na ina mvuke mchache kuliko ya pwani. Pili, Juni hadi Agosti ni kiangazi chenu, usiku ni mrefu kidogo na mara nyingi hauna mawingu. Tuchukue usiku kama huo ambapo anga safi hurudisha wati 230 hivi. Jani lililo kwenye nyuzi 3 linatoa karibu wati 330 na kupokea 230. Linapoteza wati 100 kwa kila mita ya mraba. Upepo ukiwapo, hewa inayopita hulipa deni hilo kwa kulipasha jani joto. Upepo ukitulia, hewa inayoligusa hupoa pamoja nalo, na kwa kuwa hewa baridi ni nzito, hubaki palepale chini au huteremka polepole kuelekea mabondeni. Jani huendelea kushuka mpaka lifike nyuzi kadhaa chini ya halijoto ya hewa iliyo kwenye kimo cha kifua chako, na hapo mvuke huganda juu yake moja kwa moja. Hewa ikiwa kavu mno, jani linaweza kuganda bila weupe wowote kuonekana, na mkulima hugundua tu jua linapochomoza na majani kuwa meusi.

Mtu aliyelithibitisha jambo hili kwa uvumilivu alikuwa daktari, William Charles Wells, aliyekesha usiku mwingi katika bustani karibu na London akilinganisha kipimajoto kilicho juu ya nyasi na kingine kilichoning'inizwa hewani, na kuchapisha matokeo yake mwaka 1814. Aliona kwamba nyasi hupoa kwanza, na umande hufuata. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba umande ndio unaoleta baridi. Jaribio lake ninalolipenda zaidi lilikuwa la kitambaa chembamba alichokifunga kwenye vijiti vinne, juu kidogo ya nyasi, bila kuzigusa. Nyasi zilizokuwa chini ya kitambaa hicho zilibaki na joto zaidi kuliko za jirani, ingawa hewa ilipita pande zote. Wells alikiri kwamba zamani aliwacheka watunza bustani waliofunika miche kwa mikeka myepesi, akidhani kitu chembamba kiasi hicho hakiwezi kuzuia baridi. Wao walikuwa sahihi, kwani mkeka hauzuii baridi isiingie, unazuia jani lisitazamane na anga.

Kuhusu kipimajoto chako, hakikukudanganya. Kilipima mahali kilipo. Ukuta ulihifadhi joto la mchana na usiku uliendelea kukitolea mnururisho, na paa lililo juu yake lilikikinga na anga. Wataalamu wa hali ya hewa hupima hewa ndani ya kibanda cheupe chenye matundu, kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini, na kwa ajili ya jalidi huweka kipimajoto kingine karibu kabisa na nyasi, kikiwa wazi kwa anga. Fanya hivyohivyo: kiweke kimoja shambani, kikiwa kimelala kwenye kimo cha majani, bila kitu juu yake.

Mnururisho ukieleweka hivi, njia za kinga zinaweza kupimwa kwa akili. Gunia, mkeka, matawi au turubai lisilopitisha mwanga, vikiwekwa juu ya mimea kabla ya jua kuzama na kuondolewa asubuhi, vinafaa. Rangi ya kifuniko haijalishi sana usiku, kwa sababu kwenye infraredi karibu rangi zote za kawaida, nyeupe kwa nyeusi, hutoa na kunyonya kama asilimia 90 ya kile ambacho gimba jeusi lingetoa. Kinachotofautiana ni metali inayong'aa. John Leslie alionyesha mwaka 1804, kwa mchemraba uliojazwa maji ya moto, kwamba upande uliosuguliwa ukang'aa hutoa mnururisho mchache sana kuliko upande uliopakwa masizi. Na Gustav Kirchhoff akathibitisha mwaka 1859 kwamba uso unaotoa vibaya hunyonya vibaya kwa kiasi kilekile. Bati lililozeeka na kushika kutu halimo tena katika kundi hilo. Hutoa vizuri, ni jembamba, halipati joto la ardhi, na ndiyo maana alfajiri hulikuta limelowa kabla ya kitu kingine chochote.

Nailoni nyembamba inayopitisha mwanga ni jambo la kuangaliwa. Watu wengi huiamini kwa kuwa inazuia upepo, lakini plastiki ya aina hiyo hupitisha sehemu kubwa ya infraredi, na jani lililo chini yake huendelea kuliona anga karibu kama halijafunikwa. Ikishika umande upande wa ndani hujitahidi zaidi, kwa kuwa maji hunyonya infraredi vizuri sana. Hata hivyo gunia ni bora.

Moshi nao hausaidii kama unavyodhaniwa. Chembe zake nyingi ni ndogo kuliko mikromita moja, na mawimbi ya mikromita 10 huzipita bila kuzijali; kama moto huo unasaidia, ni kwa joto lake na kwa jinsi unavyoivuruga hewa, wala si kwa moshi kuwa dari.

Jambo linalowaponza wakulima makini ni matandazo ya nyasi kavu. Yana faida zake mchana, lakini usiku wa jalidi huyatenganisha majani na joto la udongo, ambalo ndilo msaada mkubwa yaliyobaki nao. Nguvu ya jambo hili ilionekana India, ambako Robert Barker aliandika mwaka 1775 jinsi watu wa Allahabad walivyotengeneza barafu usiku wa anga safi kwa kuweka maji kidogo kwenye vyungu vipana, visivyo na kina, juu ya tabaka nene la mabua makavu. Maji yaliganda humo ilhali mabwawa ya jirani hayakuganda. Walitaka barafu, na mabua makavu yaliwapa. Wewe hutaki, kwa hiyo ukiona dalili za jalidi sogeza matandazo kando ya mistari ya viazi na umwagilie udongo mapema mchana. Udongo wenye unyevu hupokea joto la jua kwa kina zaidi na kulipandisha juu kwa urahisi zaidi usiku kuliko udongo mkavu.

Dalili zenyewe ni nne: nyota zinaonekana wazi jioni, upepo umetulia, hewa ni kavu, na kipimajoto cha shambani kinashuka haraka mara tu jua linapozama. Zikikutana zote, usingoje kipimajoto cha ukutani kikaribie sifuri. Anza kufunika kwenye sehemu za bondeni, kwa kuwa huko ndiko hewa iliyopozwa na shamba zima hukusanyika, na usiondoe vifuniko mara tu kunapopambazuka, kwani mara nyingi jani hufikia halijoto yake ya chini kabisa karibu na macheo, kabla mnururisho wa jua haujatosha kulipa kile ambacho jani bado linakitoa.